Safu Isiyokuwamo

Leseni yangu ina wiki tisa,
wino wa muhuri bado unanuka.
Saa mia mbili na kumi na mbili angani,
nimezihesabu kama senti za kibubu,
na leo nilitaka nyingine mbili:
Mombasa hadi Manda, kwenda na kurudi.

Saa tisa alasiri, Novemba. Lami ya uwanja inatokota.
Kutoka matangi ya Changamwe upepo unaleta harufu ya mafuta,
kisha hauleti kitu.
Mfuko wa upepo umelala kwenye mlingoti wake
kama mkono wa kanzu isiyo na mtu.

Bwana Fumo amelipa. Amenionyesha risiti.
Binti yake anaolewa kesho Lamu,
na masanduku matatu ya halua yamo tumboni mwa ndege,
yamefungwa kamba na fundi Mwadime,
ambaye hafungi kitu mara moja.
"Juu yetu ni samawati," asema Bwana Fumo. "Tazama."
Natazama. Kweli, samawati.
Lakini kaskazini, ng'ambo ya Kilifi,
wingu linapanda bila kupumua,
limefura kama andazi kwenye mafuta,
na kileleni limeanza kubapa:
fuawe ya mhunzi, ikingoja chuma.
Na chuma, uwanja huu mzima,
ni sisi.

Nampigia Bi. Shekue wa ofisi ya hali ya hewa.
"Linakua," asema.
"Siwezi kulizunguka kwa upande wa bahari?"
Kimya. Nasikia kijiko chake kikigonga kikombe.
"Unaniuliza, au unataka nikwambie ndiyo?"

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.
Hawakusema lolote juu ya mtu
anayeyaona, na bado akatafuta mwanya.
Walisema pia kuteleza si kuanguka,
lakini wao waliteleza kwenye udongo.

Kapteni Mwachiro, mwenye saa elfu sita, apita na mkoba wake.
"Nilipokuwa kama wewe," asema, "ningekwenda."
Awasha injini zake mbili, aenda.
Bwana Fumo anamtazama akipaa,
kisha ananitazama mimi
jinsi watu watazamavyo duka lililofungwa mapema.

Nalisema mara mbili,
kwa sababu mara ya kwanza halikutoka:
"Leo siruki. Alfajiri tutaliangalia tena."

Mwadime hasemi kitu. Anaanza kufungua kamba,
fundo moja moja,
kana kwamba alizifunga ili zifunguliwe.

Saa kumi na nusu mvua ikafika.
Mikindani ilipotea kwanza,
kisha uzio, kisha ndege yangu mwenyewe,
hatua thelathini kutoka niliposimama.
Radi ikapasua kitu mahali.
Chini ya mabati Bwana Fumo amekalia sanduku,
anazungumza na bintiye kwa simu, anapiga kelele,
sijui kwa hasira au kwa sababu ya mvua.

Na Kapteni Mwachiro? Alifika. Salama salimini.
Alituma picha ya chai yake.
Nilimshukuru Mungu, kwa sauti,
na huku nikishukuru nikakuta ndani yangu
kitu kidogo, kibaya, chenye kucha,
kilichokuwa kikingoja habari nyingine
ili kionekane kilipatia.
Nilikitazama mpaka kikaona haya.
Sikukataa ili yeye aanguke.
Nilikataa kwa sababu wingu lile
lilikuwa kubwa kuliko ninayoyajua.

Usiku nafungua kitabu cha safari.
Kuna safu ya tarehe, safu ya njia,
saa za mchana, saa za usiku, idadi ya kutua.
Hakuna safu ya safari usiyoianza.
Naandika pembeni, kwa penseli:
*Manda. Fuawe. Sifuri.*
Halafu, kwa kuwa pembeni hapasomwi na mtu,
naongeza:
*Halua haikulowa.*