Bomba la Chumba cha Tatu

Oulu, Februari. Nje theluji imefika magotini,
ndani mafundi kumi na wawili wameshika vipanya
kwa vidole vilivyozoea spana.
Veikko Lampinen, fundi bomba, miaka hamsini na minane,
anaizungusha kwenye skrini zahanati
ambayo haijachimbiwa hata msingi.
Anapenya kutani kama jini.

"Bonyeza hapo," asema Tuulikki, mwalimu wao.
Bomba la chumba cha tatu linawaka jekundu:
limepita katikati ya boriti.
Ufa unazibwa, na ukuta wenyewe haujazaliwa.
Darasa zima linacheka.

Veikko hacheki.
Mwaka wa tisini na nne, shuleni kule Kemi,
boriti kama hiyo aliitindua usiku, peke yake,
nondo mbili akazikata,
akaziba kwa plasta, akalipwa, akanyamaza.
Hakuna kilichoanguka.
Bado.

Analisogeza bomba sentimita kumi na mbili.
Wekundu unazimika.
Wenzake wanatoka kwenda kunywa kahawa;
yeye amebaki, mkono juu,
kama mtoto wa darasa la pili:

"Na jengo lililokwisha kusimama,
mtu huliingizaje humu?"