Mia Mbili, Haja Ndogo

Mia mbili, haja ndogo. Mia tatu, kubwa.
Nakaa mlangoni na kopo la maziwa ya unga,
ndoo, fagio la chelewa, karatasi nilizokata kwa mkono.
Soko zima la Mwanga hupita mbele yangu,
yaani wanawake wake wote.
Wanaume wana ukuta wao nyuma ya mafundi viatu,
na ukuta haudai chenji.

Nawajua kwa mwendo.
Anayekuja kabana khanga, hatua fupi fupi,
huyo kashikilia tangu adhuhuri.
Anayesimama kwanza, akahesabu sarafu,
akageuka, akarudi kwenye meza yake,
huyo leo hajauza.
Mia mbili ni fungu la mchicha.
Nani aende kukojoa mchicha wake?

Feza wa mawese sikumjua.
Miaka miwili tumeketi tukiachana hatua thelathini,
madumu yake mekundu nayaona, sauti yake naisikia,
choo changu hakizijui kandambili zake.
Nikadhani ana kiburi.
Kumbe hanywi.
Kikombe kimoja cha chai, Ujiji, kabla ya gari la alfajiri,
basi, mpaka magharibi,
midomo imepasuka,
na ziwa lile pale, chini ya mabati ya mji,
linamng'aria kutwa.

Jumanne ile aliinama kufunga dumu, hakuinuka.
Homa. Kiuno.
Mkojo wa rangi ya mawese yenyewe.
Nilimshika mkono hadi zahanati,
kopo nikamwachia muuza vocha.

Nesi Domitila hakutukaripia. Aliuliza tu:
"Unakunywa maji kiasi gani?"
Feza akanitazama mimi
kana kwamba ni mimi niliyeulizwa.
"Na ukienda, unakaa?"
Hapo tukacheka sote wawili, kwa aibu.
Nani anakaa?
Mama alinifundisha kabla sijajua kusoma:
choo cha watu usiguse kitu,
inama nusu, shika sketi, kaza mapaja, haraka.
Binti yangu nami nikamfundisha hivyo hivyo.
Kile cha kukaa tulicholetewa na mradi
kila jioni nakisugua alama za viatu.

"Mapaja yakikaza," alisema nesi, "na huko ndani hukaza.
Nusu hutoka, nusu hubaki,
na kilichobaki hulala humo, wadudu wakazaliana.
Kaeni. Msisukume. Pumueni.
Kisubirini kibofu kimalize."

Kimalize!
Miaka tisa nimeugonga mlango ule:
"Fanya haraka, dada, foleni."
Mimi. Kwa mkono huu.

Siwezi kuifuta mia mbili. Mzabuni huja saa kumi na moja,
naye huhesabu kopo, hahesabu vibofu.
Ila nina daftari la hesabu la mwanangu, kurasa za mwisho:
jina, kijistari. Umelipa asubuhi, umelipa siku.
Mzabuni akiuliza, nasema ni deni la karatasi.
Kiti nakipangusa kila anapotoka mtu,
mbele ya macho ya anayeingia, aone.

Feza huja sasa saa tano, na saa nane,
chupa ya maji kwapani, viganja vinanukia mawese.
Jana alikaa sana.
Foleni ikaguna, mmoja akagonga bati kwa sarafu.
"Mwacheni," nikasema, "mwacheni amalize."
Tukanyamaza, tukasikia bila kutaka:
mkojo ulianza, ukakatika,
kimya,
nikadhani amekwisha,
kisha ukaanza tena, mwembamba, bila pupa.

Yule wa sarafu akaidondosha koponi.
Akatazama chini, akauliza
kama nauza na maji ya kunywa.