Chanzo Kinahitajika

Ijumaa, baada ya sala, juu ya duka la fundi cherehani
hapa Ibra: chumba kimoja, kompyuta tatu,
na kiyoyozi kinachosema kuliko sisi.
Niliwaalika watu arubaini. Wamekuja wawili.

Bi Muzna, mkunga mstaafu, mzaliwa wa Wete,
aliyeletwa huku ana miaka kumi na moja
na sanduku la bati na lugha moja kinywani.
Na Barasa, mlinzi wa ghala la saruji,
kaja na sare yake kabisa; zamu inaanza magharibi.

Nikawaambia: hii kamusi elezo haina mwenyewe.
Yaani, ina wenyewe wengi mno.
Bofyeni hapo palipoandikwa *hariri*.
"Na nikiharibu, mwanangu?"
Hakiharibiki kitu, Bi Muzna. Kila kosa lina historia yake,
unatengua hatua moja, kama mshono.
Akacheka mpaka mtandio ukamteleza.
"Lau uzazi ungekuwa na kitufe hicho,
ningelala usingizi miaka thelathini."

Akaandika kwa kidole kimoja, kile cha shahada:
*Mfereji wa kwetu aliuchimbua upya babu yangu,
Suwed bin Mbaruk, mtu hodari kuliko wote Sharqiya.*
Akahifadhi. Akachukua tende.

Hakuwahi kutema kokwa.
Mtu mwenye tarakimu badala ya jina,
aliyeko pengine Mwanza, pengine Oslo,
kafuta yote, kaacha maneno mawili:
chanzo kinahitajika.

Naujua uso ule.
Hapo ndipo wengi wanapotafuta viatu vyao mlangoni.
Mimi nilivitafuta, nikavaa, nikaondoka,
mwaka nilioandika juu ya halwa ya mama
nikaambiwa ni tangazo la biashara.
Miezi saba sikurudi.

Sikumtetea aliyefuta, wala sikumlaani.
Nikauliza: maji ya mfereji yanatoka wapi?
"Kisima-mama, kule mlimani."
Umekiona?
"Nimekiona. Watoto tukipelekwa."
Na anayeteka huku chini, hajakiona, atajuaje?
Barasa ndiye aliyejibu, macho kwenye skrini:
"Afuate mtaro kwa miguu mpaka juu."

Basi hiyo ndiyo tanbihi, nikasema,
nikajiona nimefundisha.

Bi Muzna akafungua mkoba, akatoa daftari
la zamu za maji, mwandiko wa babu,
karatasi rangi ya chai, kona zimeliwa na mchwa.
"Hiki si chanzo?"
Hakijachapishwa, nikajibu. Hakihesabiki.
Sauti yangu ikanitia haya.
"Kwa hivyo waliojua wamekufa bila namba ya ukurasa."
Sikuwa na la kusema. Mpaka leo sina.

Tulipata kijitabu cha shule, ukurasa wa arubaini na saba:
mfereji upo, urefu wake upo,
hesabu ya nyumba zinazonywa ipo.
Suwed hayupo.
Akaandika sentensi moja, kavu kama ubao,
akaifunga tanbihi kwa mkono wa mtu aliyezoea kufunga kitovu.
Kisha, kwenye ukurasa wa majadiliano,
ambako hakuna anayefuta watu:
*Mwenye kujua alikoandikwa Suwed bin Mbaruk
anijuze. Nasubiri. Muzna.*

Na Barasa? Saa nzima alihangaika na herufi moja.
Mto wa kwao, Nzoia, mtu aliuandika kwa *y*.
Akaondoa *y*, akaweka *i*.
Akakaa anaitazama ile *i*
kama mtu aliyepanda mche barabarani.
Akafunga vifungo vya sare, akashuka ngazi mbio.

Saa nane usiku simu ikatetemeka mtoni.
Ghala, saruji, mbwa, taa moja, na ujumbe wake:
"Mwalimu, nimeangalia tena. Bado ipo."