Ukurasa wa Kumi na Moja

Kurasa ishirini na nne, mstari mmoja kila ukurasa,
na bado wiki ya tatu inaniishia mezani.
Watu hudhani ni kazi ya jioni moja:
sungura, kofia, neno "asante," basi.
Wajaribu.
Wajaribu kulitafuta neno ambalo mtoto wa miaka mitano
atalimeza bila kulitafuna, na lisimkwame.

Mhariri wangu, Bwana Mutisya wa Eneo la Viwanda,
hunikumbusha kwa simu: "Samaki mkunje angali mbichi."
Sawa. Ila samaki hana maswali.

Kwamboka anayo.
Hushuka kutoka orofa ya nne, kandambili za mamake miguuni,
pa-ta, pa-ta, najua ni yeye kabla hajabisha.
Namsomea ngazini, maana ndani kwangu
viti vimejaa karatasi na nguo za kupigwa pasi.
Kitabu kilikuwa cha kunawa mikono.
Odipo alichora mfereji unaong'aa,
maji yakishuka kama utepe wa bluu,
na mtoto wa mashavu manene akilichekea povu.
*Ukimaliza, funga mfereji. Maji ni mali.*
Nilijivunia jinsi maji na mali yalivyoshikana mikono.

Kwamboka akaweka kidole kwenye utepe.
"Haya maji ni ya siku gani?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.
Hapa Umoja maji yana siku:
Jumatano usiku, yakipenda, na Jumapili alfajiri,
na mifereji yetu huachwa wazi makusudi,
ndoo chini yake, ili yakija yatuamshe kwa kelele.
Mimi mwenyewe huuacha wangu wazi.
Miaka tisa nimeishi humu nikichota kwa kikombe,
kisha nikaandika kitabu cha nyumba nisiyoijua.

Nikampigia Odipo. Akanung'unika, "Nimeshapaka rangi, dada,"
halafu akachora upya:
mtungi wa manjano usio na kifuniko,
kikombe cha bati, mkono wa dada mkubwa
ukimimina kidogo, kidogo tena.
Mstari ukawa: *Nimiminie, nami nikumiminie.*
Hakuna mali. Hakuna mtu mzima anayenyoosha kidole.
Bwana Mutisya akauliza, "Fundisho liko wapi?"
Nikamwambia liko kwenye kikombe.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mzuri.

Lakini kuna ukurasa wa kumi na moja wa kitabu kingine,
kile cha kuomba msamaha,
ambao nilimkuta Kwamboka ameupaka krayoni ya zambarau,
wote, hadi ukingoni,
na nakala ilikuwa moja tu, na ilitakiwa kesho yake,
nikamfokea, sauti ikapanda ngazi hadi kwa bibi yake.
Nikamnyang'anya krayoni.

Siku nne sikusikia kandambili.
Siku nne niliandika: *Tukikosa, tunasema…* nikafuta.
*Neno dogo hufungua…* nikafuta.
*Sungura akamwambia kobe…*
hata sungura alinitazama vibaya.

Jumapili maji yalipofika nilijaza ndoo zangu,
nikapanda orofa ya nne na mikono ingali na unyevu.
Bibi akafungua, akatuacha mlangoni, mimi na mtoto.
Nilikuwa na hotuba.
Nilikuwa na kurasa ishirini na nne za hotuba.
Nikachuchumaa. "Nilikosa kukufokea. Nisamehe."

Kwamboka akajikuna goti, akautazama mfuko wangu.
"Krayoni yangu iko wapi?"

Iko mezani, nikasema, juu ya ule ukurasa.

Akavaa kandambili, akanitangulia ngazini,
pa-ta,
pa-ta.