Nyumba kwa Kimo cha Paka

Kabula alipiga simu: Jumamosi, basi la asubuhi kutoka Kahama.
Holo ana miaka mitatu, Ngasa ndiyo kwanza anatambaa.
"Baba, usijisumbue. Ni siku nne tu."
Siku nne!
Mtoto anahitaji dakika.

Basi nikapiga magoti kwenye sakafu yangu mwenyewe,
mimi Malimi, fundi mstaafu wa kivuko,
niliyezoea kuingia chini ya injini
si chini ya meza ya chakula,
na nyumba niliyoijenga kwa mikono hii
hapa Bugarika, kati ya jiwe na jiwe,
sikuitambua.

Ukiwa huku chini, kila kitu kina mkia.
Kitambaa cha meza: nivute.
Waya wa pasi: nivute.
Mpini wa sufuria unaochungulia nje ya jiko,
nivute, nivute.

Mama Bhoke akasimama mlangoni, beseni la dagaa kichwani:
"Mzee, umedondosha jino?"
"Natafuta kifo," nikasema, "kabla mtoto hajakiokota."
Akacheka peke yake.
Kisha akatua beseni, akakunja khanga,
akaniuliza kama nimetazama chini ya kochi.

Chini ya kochi:
betri mbili za redio zilizovuja unga mweupe,
kidonge changu cha presha, cha waridi, peremende kabisa,
wembe wenye kutu,
na ndoano ya sangara ambayo sijui ilifikaje,
maana mimi sijawahi kuvua hata furu.

Mafuta ya taa nilikuwa nimeyaweka
kwenye chupa ya soda ya machungwa.
Naona haya hata kuandika.
Nimeyahamishia kwenye dumu, dumu kabatini, kabati kwa kufuli,
ufunguo shingoni kama mwanafunzi wa bweni.

Ndoo nimezifunika, juu ya kila mfuniko jiwe;
mawe huku kwetu hayanunuliwi.
Ziwa watu wanaliogopa kwa sababu linaonekana,
limejilaza pale chini siku nzima, halijifichi.
Ndoo nani anaiogopa?
Na maji ya robo ndoo yanamtosha
anayejifunza kusimama.

Nyuma ya nyumba jabali linateremka
hadi kwenye bati la jirani. Pimbi wanalipanda, si wajukuu.
Mlango huo nimeuwekea geti,
nimeligonga kwa chaga za kitanda,
za upande usiolaliwa na mtu
tangu mwaka juzi.

Chupa ya chai niliiacha mwisho.

Kabula alikuwa na miaka miwili.
Chupa juu ya kigoda, kifuniko hakikukazwa,
nami nimewapa wote mgongo,
nimebandika sikio redioni
kusikiliza bei ya pamba.

Bei yenyewe siikumbuki.
Mkono ulikuwa wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kiganja,
ngozi imekunjana mpaka leo
kama karatasi iliyolowa ikakauka.
Mama yake hakunilaumu hata siku moja.
Heri angenilaumu.

Jumamosi akaingia, vumbi la safari kwenye nyusi,
Ngasa amekalia mkono uleule.
Hakusema kitu. Macho yake yakaenda kwenye kigoda,
hakuna kigoda;
yakapanda ukutani, yakapanda kabati,
yakaikuta chupa imekaa juu kabisa, karibu na dari,
mahali ambapo hata mimi naifikia kwa kidole cha kuomba.

Akamshusha mtoto sakafuni.
Akamwachia.

Ngasa hakupoteza muda. Alikwenda moja kwa moja
nyuma ya mlango, nisipopatazama,
akarudi na dagaa mkavu mdomoni,
wa Mama Bhoke, tangu Alhamisi.
Kabula akamtoa kwa kidole, akaninyanyulia juu nimwone:
"Fundi, huyu je?"
Akacheka mpaka akakaa chini,
na mkono wa kushoto akauweka begani kwangu,
akausahau hapo.