Sifuri

Kila Jumatatu Somoe Likwanya
huinua simu dirishani, hapo tu mtandao unaposhika,
atume hesabu ya wiki ya zahanati yetu, nje kidogo ya Kitangari:
dondakoo, sifuri.
Pepopunda ya vichanga, sifuri.
Kifaduro...

Hapa husita.
Daftari la mwaka juzi lina moja,
wino umekolea, kalamu iliegemewa.
Mtoto wa Mahupa, wiki ya tisa,
na chanjo ya wiki ya sita haijachomwa:
msimu wa korosho, kliniki ikasogezwa mpaka tuuze.
Kikohozi hakikungoja mnada.

Tangu hapo, kiboksi cha barafu begani,
hupita chini ya mikorosho
akiita majina ya kadi zilizochelewa.
Wanamcheka: mdai madeni huyo!
Naye hudai paja moja, dogo,
kilio kimoja, kisha ziwa.

Leo ameuliza tena, nyumba kwa nyumba:
huyu anakohoa hadi kutapika?
Yule, pumzi inaingia kwa mlio?
Mafua tu, dada.

Anaandika sifuri,
duara kama mdomo wa kichanga akipiga miayo.
Chini yake, kwa penseli:
Pili wa Nantanga, mtoto wiki ya tano.
Nimfuate.