Kabla ya Kisu

Nilipanda mlimani na kila kitu:
kanga mbili mpya, beseni, sabuni ya kipande,
pesa za kokoto tripu sita nimezifunga pembeni mwa kitambaa,
na watu nimeshawaaga,
hata yule ninayedaiwa naye mchele.

Daktari Kahabi akalipapasa tumbo
kama mtu anayetafuta mlango gizani.
Akaniambia, kohoa.
Nikakohoa. Likatoka lote, likakaa mapajani
mithili ya mtoto wa mtu mwingine.

Lina miaka mingapi? Saba.
Tangu waliponipasua kuwatoa pacha;
uzi ulishika, nyama haikushika.
Saba, na bado wananiuliza, "Mama, lini?"
Soko la Mlango Mmoja hunipisha foleni
nami hupita. Heshima ya uongo nayo ni heshima.

Akachora nyumba kwenye karatasi, nyumba tupu.
"Utumbo wako umehama. Umejenga nje,
na huku ndani kuta zimesogeleana.
Nikiurudisha leo kwa nguvu
utasukuma mapafu, utakosa pa kuvutia pumzi.
Tuitengeneze nyumba kwanza.
Njoo baada ya miezi minne."

Miezi minne!
Nikashuka na beseni langu kichwani,
na aibu ya maiti aliyeagwa
kisha akarudi kuulizia chakula.

Ugoro ndio ulioanza kukatazwa.
Kidonda kinataka damu, alisema, na tumbaku inabana njia zake.
Kikebe nikakitumbukiza kwenye ufa wa jiwe nyuma ya choo.
Siku ya tatu nikaenda na kijiti kukivua.
Siku ya tisa nikausahau ufa wenyewe.
Huo ni uongo. Ninaujua mpaka leo.

Nyundo nayo nikamwachia dada yangu Bugonoka.
Nikawa nakaa kivulini nasikia kokoto zikipasuka
kwa mkono usio wangu,
tumbo nimelifunga mkanda, mikono haina kazi.
Sukari ilikuwa kumi na nne. Ugali ukawa ngumi moja,
mchicha sahani nzima, dagaa bila mafuta,
na jioni ngazi za mawe za Mabatini, juu na chini,
majirani wakidhani nimepotelewa na kitu.

Halafu chupa: maji nusu, mrija ndani,
puliza taratibu mpaka yatokote,
mara kumi, pumzika, mara kumi tena.
Pacha wakaitana uani:
"Njoo uone, mama anachemsha maji bila moto!"

Mwezi wa mwisho, sindano.
"Hii ni sumu," hakunificha, "kidogo tu, ya kulegeza msuli.
Kamba iliyokazwa miaka saba haivutiki."
Akachoma ubavu huu, akachoma ule,
macho kwenye kioo cha mashine.
Nilikuwa nikijua sumu ya panya.
Baada ya wiki mbili nikawa kama gunia lililofunguliwa mdomo,
mgongo unauma, kikohozi hakina nguvu,
na yeye anafurahi! Anabonyeza na kutabasamu
kama fundi aliyeona ubao umekubali kupinda.

Kilo kumi na moja zimekwenda, sijui ziko kwa nani.
Sukari ni saba.

Usiku huu sili. Nimeoga dawa,
muuguzi amenichora mstari wa kalamu
juu ya mstari wa kisu cha zamani.
Dirishani ziwa ni jeusi, lina taa chache za wavuvi wa dagaa,
na chini yangu mji mzima umekalia mawe
bila kuteleza.

Kitanda cha pili yuko Nkwimba wa Magu.
Amekuja na beseni jipya. Ameambiwa kesho arudi nyumbani.
Amegeukia ukuta, analia kimyakimya
asije akalitingisha tumbo.
Nimemwonyesha namna ya kupuliza.
Amepuliza, maji yametokota, amecheka kidogo.
Chupa sikumwachia. Atafute yake:
hii nitaihitaji kesho kutwa.